Nakaa tu kutwa ofisini, mbona nachoka hivi?

Dada Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 41, mama wa watoto wawili, naishi Kimara na kazi yangu iko Posta, Dar es Salaam. Ni mhasibu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Nakuandikia kwa sababu sielewi tena kama tatizo langu ni la hospitali, la kazini au la nyumbani kwangu.

Asubuhi napanda mwendokasi, mara nyingi nimesimama nimeshikilia bomba. Nikifika ofisini, kuanzia hapo ni kiti, kompyuta mpakato na mafaili. Naingiza ankara, napatanisha hesabu za benki, nakagua risiti za EFD (zile za mashine za kodi), naandaa mishahara. Wiki ya kwanza ya mwezi ni PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ambayo lazima iwe imelipwa ifikapo tarehe 7. Ikipita hiyo napumua kidogo, halafu inakuja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya tarehe 20. Siku hizo chakula cha mchana nakula hapohapo mezani, mkono mmoja kijiko, mwingine mausi.

Maumivu yalianza shingoni upande wa kulia, nikadhani nimelala vibaya. Yakashuka begani, yakaenda katikati ya mgongo. Siku hizi hata kiuno kinakaza, nikiinuka inabidi nishike meza kwanza. Usiku vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, gumba na viwili vinavyofuata, naamka naukung'uta mkono ndipo napata usingizi tena. Ila kinachonishangaza zaidi ni uchovu. Jioni nafika nyumbani niko hoi kama niliyeshinda nabeba zege, na kutwa nzima sijainua kitu kizito kuliko faili.

Nakunywa diklofenaki. Nanunua duka la dawa karibu na kituo, muuzaji amenizoea, akiniona tu anatoa. Wiki za marejesho ya kodi nakunywa kila siku. Tumbo limeanza kuniunguza lakini nikishakula linatulia.

Mume wangu ni mtu mwema, ila kwa hili hatuelewani. Anasema: "Umeshinda kwenye kiyoyozi, umechoka nini? Mama yangu kalima Namtumbo toka msichana, sijamsikia akililia mgongo." Anasema kwa utani, naumia kweli. Nimeacha kumwambia. Nikiingia ndani natua mkoba, nashika mwiko.

Kazini viti vyetu ni vya mtumba, changu hakipandi wala hakishuki. Meneja anakaa nyuma ya kioo anatuona wote. Ukisimama, ukirudi tu unaulizwa, "Umemaliza?" Mwenzetu mmoja mwaka jana aliandika barua pepe kuomba kiti kwa sababu ya mgongo. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa. Hakuna aliyetamka kwamba ni kwa ajili ya kiti, ila sote tulielewa. Wangu unaisha Desemba.

Dada yangu aliyeko Morogoro ananiambia niache kazi, nikope kwenye kikoba, ninunue cherehani ya umeme nishonee nyumbani. Ushonaji naujua, na sare za shule hazikosi wateja. Moyo mwingine unaniambia niombe kiti na muda wa kupumzika, liwalo na liwe. Mwingine unasema nivumilie hadi nisaini mkataba mpya, vidonge si vipo? Januari ada za watoto hazisubiri mtu.

Nishauri, dada yangu. Kweli kukaa kunaweza kumchosha mtu namna hii, au ndiyo nimekuwa mvivu?

Mhasibu, Kimara

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Naitamka wazi kwa sababu, kwa nilivyosoma barua yako, hakuna aliyekupa pole nyumbani wala kazini.

Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi linakuuma kuliko shingo. Mvivu hali chakula huku anaandaa VAT. Na ndiyo, kukaa kunachosha. Tumezoea kudhani kukaa ni kupumzika, lakini mwili hauoni hivyo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukiinamia kompyuta mpakato iliyolala mezani, uzito huo unasogea mbele ya mabega, na misuli ya nyuma ya shingo inakaza kuushikilia. Mkazo wenyewe ni mdogo, ila haukatiki. Msuli unaokaza na kulegea hupitisha damu vizuri. Uliokaza saa tatu mfululizo haupati nafasi hiyo, na baadaye unauma. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo nazo, kwa mtu mzima, karibu hazina mishipa ya damu ya kwao. Lishe yake huingia polepole kutoka sehemu za jirani, na mwendo wa mwili husaidia kazi hiyo. Wewe unaziweka palepale toka asubuhi hadi jioni.

Kwa hiyo shemeji akimtaja mama wa Namtumbo, anataja kazi ya aina nyingine kabisa. Mama anainama, ananyooka, anatembea hadi mwisho wa tuta, anajitwisha, anatua. Sisemi jembe halimuumizi. Yawezekana na yeye mgongo unamsumbua miaka yote, ila hakuna mtoto wa kiume aliyewahi kukaa akamuuliza. Ningekuwa wewe ningemwomba shemeji ampigie simu amuulize, bila ubishi.

Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu magonjwa ya makarani wa zama zake, watu wa kalamu na wino. Alitaja sababu tatu: kukaa bila kuinuka, kuusogeza mkono kwa namna ileile daima, na akili kukaza ili vitabu visiingiwe na kosa. Isome tena hiyo ya tatu, mdogo wangu. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba vidonge vinakuwa vya kila siku wiki za marejesho ya kodi. Kiti ni kilekile tarehe 7 na tarehe 14. Kinachobadilika ni hofu ya kukosea, mabega yanayopanda bila wewe kujua, na mchana unaoliwa mezani.

Ndiyo maana nataka tukae kidogo kwenye hili la kiti, kwa sababu umekipa uzito mkubwa. Kiti kizuri kinasaidia, sikatai. Lakini mtu anaweza kukalia kiti cha bei mbaya na bado akaumia, kama hainuki. Ukisoma barua yako kwa makini utaona kinachokuweka pale muda wote ni kioo cha meneja na lile neno "umemaliza?". Kiti hakiondoi hayo.

Halafu yapo mambo mawili ambayo huenda hayatokani na kukaa, na nisingependa uibebeshe ofisi mzigo usio wake. Kwanza ni uchovu wenyewe. Mwanamke wa miaka 41 anayefika nyumbani akiwa hoi kila jioni anastahili kupimwa wingi wa damu, sukari, presha na tezi ya shingo kabla ya kuambiwa chanzo ni kazi. Upungufu wa damu unaweza kumchosha mtu hivyohivyo, na kama hedhi yako ni nzito mwambie daktari bila kuona haya. Pili ni macho. Kuanzia miaka 40 hivi wengi wetu tunaanza kupata shida ya kusoma vitu vya karibu, na bila kujua tunasogeza shingo mbele kuzifuata tarakimu. Risiti za EFD maandishi yake yanafifia, hata mwenye macho mazuri anazisogelea. Huenda nusu ya dawa ya shingo yako iko kwenye miwani. Kapime.

Vidole navyo vina habari yake. Gumba na viwili vinavyofuata kufa ganzi usiku, ukaamka kuukung'uta mkono, ni dalili ambayo madaktari wanaifahamu vizuri: mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa unapopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Inaweza pia kuanzia shingoni, ndiyo maana anatakiwa mtu wa kukushika na kukupima. Usilikawize hili. Mshipa ukibanwa muda mrefu, msuli ulio chini ya gumba hupungua nguvu, na kuurudisha ni kazi. Mwambie daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia pia. Wengi wetu tunadhani hao ni wa waliopata ajali au kiharusi, kumbe shingo na mikono ya watu wa ofisini ni kazi yao ya kila siku.

Sasa tuje kwenye njia zako tatu.

Hiyo ya kuvumilia na vidonge hadi Desemba ndiyo inaonekana haina gharama, na kwangu ndiyo inayonitia wasiwasi. Diklofenaki inapunguza maumivu, haigusi kinachoyaleta. Ikitumika mfululizo inaweza kutoboa vidonda tumboni, kupandisha presha na kuelemea figo, na kuunguza unakokusikia inawezekana ndiyo salamu ya kwanza. Usiongeze dozi wewe mwenyewe, wala usiichanganye na dawa nyingine za jamii hiyo kama ibuprofeni. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo miguu ikilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri au haja ndogo ikikataa kutoka au kukushinda kuizuia. Sijaona dalili hizo kwenye barua yako, nakutajia ili uzijue.

Hiyo ya cherehani inavutia, na ushonaji ni kazi ya heshima. Ila jiulize fundi anafanyaje kazi. Anakaa, anainama, anakodolea sindano, mikono mbele, shingo chini. Januari, msimu wa sare, atakuwa anakesha. Utakuwa umemtoroka meneja lakini mwili wako utakuwa palepale, safari hii ukiwa na rejesho la kikoba na huna mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa upande mwingine, nyumbani hakuna kioo. Ukitaka kusimama unasimama. Uhuru huo una thamani yake na siwezi kukupigia hesabu. Labda unaweza kuujaribu kwanza kwa oda chache za Jumamosi, uone mkono unasemaje, kabla ya kukopa.

Hiyo ya kuomba ndiyo yenye maneno mengi. Tuanze na mwenzenu. Unasema mlielewa. Yawezekana mlielewa sawasawa. Yawezekana pia kuna jambo lingine hamkulijua, maana mikataba huachwa kwa sababu nyingi na mwenye nayo huwa hasemi. Unaweza kumtafuta? Dakika kumi za simu zitakupa zaidi ya uvumi wa mwaka mzima.

Sheria iko upande wako zaidi kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mchana ule unaoula na mausi mkononi ni haki yako, si hisani ya meneja. Saa za kawaida zina ukomo wa 45 kwa wiki. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanaisimamia na wana wakaguzi. Kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaohusika na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na hapo karatasi ya daktari ndiyo inayoongea. Na mwajiri hatakiwi kumfukuza mtu kwa kosa la kudai haki aliyopewa na sheria.

Nisikudanganye lakini. Mkataba wa muda ukifika tarehe yake, mwajiri anaweza kukaa kimya tu, na kuthibitisha kwamba kimya hicho ni kisasi ni safari ndefu. Hofu yako haikutoka hewani. Kinachobaki kwako ni namna ya kuomba. Barua ya mtu mmoja inayosema "mgongo unaniuma, naomba kiti" inasomeka kama lalamiko. Ombi la meza nzima ya uhasibu kwa pamoja, la vitu vidogo vyenye bei, ni vigumu kumbandika mtu mmoja. Nina hakika huumii peke yako pale ndani, waulize.

Na kwa meneja anayependa kazi iishe, kuna jambo la kumwambia. Marekani, watafiti wa serikali waliwafuatilia makarani waliokuwa wakiingiza taarifa za kodi, matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Juu ya mapumziko yao ya kawaida waliongezewa vipande vya dakika 5 katika saa ambazo hazikuwa na mapumziko. Maumivu ya mwili na uchovu wa macho vilipungua, na kazi iliyoingizwa haikushuka. Watu wa kodi kama wewe! Hoja hiyo haitaji mgongo wa mtu.

Yapo pia ambayo hayahitaji ruhusa ya yeyote. Iinue kompyuta juu ya rimu za karatasi za A4 hadi ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho, utumie kibodi ya pembeni ili viwiko vikae karibu na mbavu. Kibodi ya kawaida haifiki bei ya kiti hata kidogo. Bila hiyo kibodi usiiinue, utahamishia maumivu mabegani. Mausi isogee karibu, usiifuate kwa mkono ulionyooka. Khanga iliyoviringishwa nyuma ya kiuno. Miguu ikining'inia, rimu nyingine chini. Chupa ya maji chukua ndogo, ikuinue kwenda kujaza. Simu pokea umesimama. Risiti za kuhifadhi zipeleke kidogokidogo badala ya kuzirundika hadi jioni. Akikuuliza "umemaliza?" una jibu mkononi.

Mazoezi, najua, ukisikia neno hilo unaona jezi na uwanja. Watafiti wa Denmark mwaka 2011 waliwapa watu wa ofisini wenye maumivu ya shingo na mabega mpira wa kuvuta, wakainua mikono pembeni dhidi ya mpira huo. Kundi moja lilifanya dakika 2 tu kwa siku, kwa wiki 10, na maumivu yao yalipungua. Dakika 2 zinapatikana hata maharage yakiwa jikoni. Ila mpaka mkono wako upimwe, usianze kuvuta kwa nguvu.

Umeona sijakuambia uache wala ubaki. Ada unaijua wewe, meneja unamjua wewe. Ninachokiona ni kwamba mambo ya Desemba unataka kuyaamua ukiwa umechoka, hujapimwa, na umeacha kuongea na mtu unayelala naye kitanda kimoja. Hayo matatu yanaweza kubadilika kabla ya Desemba bila meneja kujua lolote. Kwa shemeji usianze na mgongo. Anza na usiku, mwonyeshe vidole vinavyokuamsha. Utani wake mwingi unatoka kwa mtu ambaye hajaona. Na moja kati ya jioni zako, mwiko aushike yeye, au watoto kama wamefikia umri huo.

Kabla ya kwenda hospitali, andika kwa wiki mbili hivi: maumivu yamepanda saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, na Jumamosi na Jumapili hali ilikuwaje. Uchovu ukiisha wikendi unasema jambo moja, ukibaki vilevile hata Jumapili jioni unasema lingine, na daktari atataka kujua tofauti hiyo. Pakiti ya diklofenaki nayo usiiache nyumbani, mwonyeshe na umwambie ukweli ni vingapi kwa wiki. Majibu ya damu na macho yakitoka, niandikie tena, hata kama bado hujaamua lolote kuhusu Desemba.